Usimsingizie mumeo, mwanangu: ni kemia

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malaba, Uganda. Nina miaka 36 na watoto wawili, mkubwa ana miaka 9, mdogo 3. Mume wangu ni dereva wa lori, anatoka Mombasa kwenda Juba, nyumbani huonekana mara mbili tatu kwa mwezi. Tangu nilipomuuguza mama yangu hospitalini, moyo wangu hauko kwenye chaki tena, uko kwenye uuguzi. Nilimwosha, nilimgeuza usiku asipate vidonda vya mgongo, nikajifunza kusoma ile chati ya joto ya kitandani hata sista wa zamu akawa ananiita msaidizi wake. Nimeomba nafasi katika shule mbili za uuguzi, zote zimenikataa, nadhani kwa sababu ya umri. Matokeo yangu ya S4, mtihani wa kidato cha nne, ni mazuri, ila somo moja lilinisumbua, kemia, lakini hayo ni ya zamani. Mume wangu hanisaidii. Mwanzoni alitoa laki nane za fomu na masomo ya ziada, zikaisha kwa mambo ya nyumbani. Sasa nikitaja uuguzi anasema, "Leta karatasi zako za S4 tuziangalie pamoja, halafu tupange." Ni dharau hiyo. Mara aanze habari za Ebola. Mama mkwe naye ameuliza usiku mtoto atalala na nani, kisha akasema nimpeleke kijijini kwake nje ya Mbale. Wanataka kuninyang'anya mtoto. Kuna kaka mmoja ameniahidi nafasi kwa milioni mbili na nusu, anajuana na watu wa ndani. Nataka kukopa kwenye sacco ya walimu bila mume kujua. Je, nikope? Na nifanye nini na mume asiyenitakia maendeleo?*

*Mwalimu, Malaba*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kumuuguza mama. Pale ulipoeleza ulivyokuwa ukimgeuza usiku, nilikuamini. Anayekimbilia kazi kwa ajili ya mshahara tu hakumbuki vidonda vya mgongo. Uuguzi unao, na miaka 36 si uzee.

Huruma yangu inaishia hapo, kwa sababu katika barua hii yuko mtu anayeonewa, na mtu huyo si wewe.

Mume unayesema hakusaidii ndiye aliyetoa laki nane. Dereva wa lori anazipata laki nane kwa kulala kwenye kiti cha gari, kwa kukaa kwenye foleni ya mpaka siku nzima na jua la mchana. Alizitoa kwa kazi moja aliyoambiwa: fomu na masomo ya ziada. Masomo hukuyafanya, maana ungeyafanya ungeyataja. Umeandika "mambo ya nyumbani" ukapita haraka. Na yeye hakukugombeza, au kama alikugombeza hukuandika. Ameomba kitu kimoja tu, karatasi. Tena angalia maneno yake ulivyoyanukuu mwenyewe: tuziangalie pamoja, halafu tupange. Mwanamume mwenye dharau hataki kuona karatasi za mkewe, humwambia anyamaze akapike. Huyu wako anatafuta njia ya kukuvusha, na wewe unamnyima mahali pa kuanzia.

Sasa tuseme ukweli. Mumeo hajawahi kuiona hati yako ya S4. Alikuoa ukiwa mwalimu tayari, hakuna aliyekuuliza habari ya kemia siku ya kutolewa mahari, naye akaamini ulifaulu kila kitu. Ungekuwa na P8, ile alama ya chini kabisa ya kufaulu, ungeandika P8. Umeandika "lilinisumbua" kwa sababu ni F9, yaani ulianguka, na ndiyo maana neno "karatasi" likitamkwa nyumbani kwako linageuka kuwa ugomvi.

F9 hiyo ndiyo iliyofunga milango miwili uliyogonga. Cheti cha uuguzi hapa Uganda ni masomo ya miaka miwili na nusu, na anayekiomba hutakiwa awe amefaulu S4 katika Kiingereza, hesabu, baiolojia, kemia na fizikia. Hakuna ruhusa ya kuacha moja. Ukitaka kuingia stashahada moja kwa moja, ile ya miaka 3, utaulizwa S6, yaani kidato cha sita, yenye baiolojia na kemia, kwa hiyo kemia inakusubiri huko pia. Shule hizi hupokea maombi mengi kuliko nafasi walizo nazo, na anayepanga fomu huanza kwa kuweka kando wasiotimiza masharti. Fomu yako haikufika mahali pa kuangaliwa mwaka wa kuzaliwa. Umekuwa ukiulaumu umri kwa sababu umri si kosa la mtu.

Ndiyo sababu huyo kaka wa milioni mbili na nusu nakukataza kabisa. Anachokuuzia si chake. Tuseme amekupa barua ya kukubaliwa na ukapokewa bwenini. Vyeti vya wanafunzi huhakikiwa na UNEB, bodi ya mitihani ya taifa. Mwanafunzi wa uuguzi huandikishwa kwa Baraza la Wauguzi na Wakunga. Mwishoni kuna mtihani wa taifa, na baada yake ndipo unasajiliwa uweze kugusa mgonjwa kihalali. F9 yako inaweza kuibuka katika hatua yoyote kati ya hizo, pengine umeshalipa ada ya mwaka mzima na umeshaacha kazi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unataka kuwa nesi, methali hii unapaswa kuijua kuliko mimi. Vilevile usije ukaangukia kozi za miezi sita za usaidizi wa nesi zinazotangazwa kwenye vibao barabarani. Hazikupi usajili wa Baraza. Shule yoyote utakayoipenda, kabla hujalipa hata shilingi, hakikisha imo katika orodha ya Baraza.

Na huo mkopo wa sacco, umefikiria unalipwa na nini? Unakatwa kwenye mshahara wa ualimu. Ukiingia shule ya uuguzi utakuwa darasani asubuhi, wodini jioni, na zamu za usiku zitakuja. Mshahara hautakuwepo. Sacco itawafuata wadhamini wako, walimu wenzako, na mmoja wao atampigia mumeo akiwa Nimule, mpakani mwa Sudan Kusini. Je, hivyo ndivyo unavyotaka ajue?

Kuhusu Ebola, niruhusu nimtetee huyu bwana. Mwaka 2000, ugonjwa ulipoingia Gulu, hospitali ya Lacor ilizika wauguzi wake, na Dk. Matthew Lukwiya aliyekuwa akiwaongoza akafa mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Mwezi wa Januari 2025, mtu wa kwanza kuthibitishwa kufa katika mlipuko mwingine alikuwa nesi wa kiume wa hospitali ya Mulago, Kampala, kijana wa miaka 32. Dereva anayepita mipakani hupimwa joto barabarani na husikia habari hizi kabla yako. Akikutajia Ebola anakwambia anaogopa kukuzika. Mjibu kama mtu anayeijua kazi: mweleze kuhusu glavu, kuhusu kunawa mikono, kuhusu kutomgusa mgonjwa mwenye homa na damu bila kinga. Ukimnunia, hofu yake inabaki palepale.

Mama mkwe naye umemkosea. Ameuliza swali ambalo hata msaili makini angekuuliza: usiku mtoto atalala na nani? Shule nyingi za uuguzi ni za bweni. Baba yuko barabarani. Mtoto ana miaka 3. Yule mama ameliona tatizo kabla yako, akatoa na jibu lake, nyumba yake na mgongo wake. Wangapi wanatafuta mama mkwe wa kumlea mjukuu bure mama yake akasome, wasimpate? Wewe umepewa, ukaita kunyang'anywa.

Hapa nizungumze na wengine wote mnaonisoma, maana Mwalimu wa Malaba hayuko peke yake. Ndoa za siku hizi zimejaa siri za fedha. Mke ana laini ya simu ambayo mume haijui, mume ana mkopo ambao mke atausikia siku wadai wakija kuchukua pikipiki. Tunaita kujipanga. Senga zetu, wale shangazi wa kufunda wasichana, tulipokuwa wadogo walitufundisha jinsi ya kumpokea mume, jinsi ya kumtuliza, jinsi ya kunyamaza akiwa na hasira, na mengi ya chumbani ambayo sitayaandika hapa. Wakati wao vyeti na sacco havikuwa sehemu ya ndoa. Leo ni sehemu ya ndoa, na anayemwandaa binti kuolewa amwambie wazi kwamba deni, mshahara na karatasi za shule ni mambo ya watu wawili. Nanyi wanaume msicheke pembeni. Wako wanaokataa wake zao wasisome kwa kuogopa kupitwa, nimeshawaandikia na nitawaandikia tena. Mke akirudi shuleni akiwa na miaka 36 anahitaji mtu wa kumshikia taa, na mume anayemzimia taa hiyo atabaki gizani pamoja naye. Ila huwezi kumshitaki mume kwa kukuzuia wakati hujamwambia unakwenda wapi na umekwama wapi.

Rudi kwako sasa, Mwalimu. Safari ijayo akifika nyumbani, mwache aoge, ale, alale. Asubuhi yake toa hati, iweke mbele yake, mwambie: hii ndiyo kemia yangu, niliona aibu, na zile laki nane zilikwenda hapa na hapa. Atakasirika. Ana haki. Usilie ili akuhurumie, na usimrudishie makosa yake ya mwaka juzi. Mwache amalize.

Kisha shughulikia kemia yenyewe. UNEB hupokea watahiniwa binafsi kupitia vituo vilivyosajiliwa, lakini S4 ya sasa si ile uliyoifanya. Mtaala mpya ulianza 2020, mtihani wake wa kwanza ulifanywa 2024, alama zimekuwa A mpaka E, na kazi za darasani zinaingia katika hesabu. Kwa hiyo usitegemee maneno ya watu. Nenda mwenyewe kwenye kituo cha mtihani mwanzoni mwa mwaka, ukiwa na hati yako ya zamani mkononi, umuulize mwalimu mkuu mtu wa hali yako anaandikishwaje. Siku hiyohiyo, au ya pili yake, nenda kwenye ofisi ya mapokezi ya wanafunzi katika shule ya uuguzi unayoitaka, uulize kama wanakubali matokeo ya vikao viwili, yaani ya mitihani ya miaka miwili tofauti, yakiunganishwa, na uombe wakuandikie jibu. Swali hilo linaweza kukuokolea mwaka mzima.

Mafunzo ya jioni tafuta kwa mwalimu wa sekondari mwenye maabara. Kemia haifaulishwi na daftari peke yake. Unatakiwa ushike bureti, ule mrija wa kioo wenye koki chini, kwa mkono wako, ufungue ile koki kidogo kidogo mpaka tone la mwisho libadilishe rangi, ukosee, umwage, uanze tena. Mkono wako uliojifunza kumgeuza mama bila kumwumiza utajifunza na hilo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kazi usiitoroke. Mwalimu wa serikali anayeacha darasa bila ruhusa hufutwa kwenye orodha ya mishahara, na doa hilo litakufuata ukirudi kuomba kazi ya wodi serikalini. Ruhusa ya masomo huombwa kwa maandishi kupitia mkuu wako wa shule, na usianze masomo mpaka upate jibu. Ukifika kwenye usaili wa shule ya uuguzi watakuuliza kwa nini unaacha ualimu. Usiwaambie kwamba ulitamani tangu utotoni, kila aliyetangulia kwenye kiti hicho amesema hivyo. Waeleze ulivyomgeuza mama, kila baada ya muda gani, ukiangalia nini kwenye ngozi yake, na sista alikusahihisha wapi.

Ukianza mwaka ujao na kemia, kisha cheti, utakuwa umefika miaka 40 au kuzidi kidogo. Mtumishi wa serikali hustaafu akiwa na 60. Hiyo ni karibu miaka 20 ya wodi, na ukifanya kazi miaka 2 unaweza kurudi kwa stashahada ya nyongeza ya mwaka mmoja na nusu. Makerere wanatoa shahada ya uuguzi tangu 1993, ukitaka kufika huko utafika. Lakini kwanza F9.

Mkopo usichukue. Namba ya huyo kaka ifute leo, na kama umeshampa chochote, mwambie mumeo siku hiyohiyo ya hati, lisibaki la kugunduliwa baadaye. Mama mkwe mpigie wewe mwenyewe, usimtume mume. Mwombe msamaha kwa kimya chako, umuulize kama mtoto anaweza kwenda kwake likizo ya Desemba ili wazoeane mapema, na siku ya kumpeleka usiende mikono mitupu.