Maafisa wakihama, mashauri ya watoto yanabaki kwa nani? Maswali na majibu

Maswali ya safari hii yametoka zaidi kwa maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na machache kwa wazazi na viongozi wa kata.

Maafisa wangu watatu wameomba uhamisho ndani ya mwaka mmoja. Niwaombee waliobaki mafunzo gani ili wasiondoke? (Mkuu wa kitengo, halmashauri ya wilaya)

Usianze na mafunzo. Warsha ya siku tano ikiisha, afisa anarudi kwenye meza ile ile, majalada yale yale na pikipiki ile ile isiyo na mafuta. Kinachowachosha watu hadi wakaomba kuondoka ni kubeba peke yao maamuzi mazito. Mtoto arudi kwenye nyumba anamoishi mtuhumiwa au asirudi? Afisa anaamua mwenyewe, na likiharibika anaulizwa yeye tu.

Anza na mgawanyo wa kazi. Kuhesabu majalada hakutoshi. Barua ya msamaha wa matibabu kwa mzee na shauri la mtoto aliyebakwa na ndugu wa nyumba moja vyote huhesabiwa "moja". Pima kwa uzito: pointi 3 kwa shauri lenye hatari ya sasa au lililopo mahakamani, pointi 2 kwa linalohitaji ufuatiliaji wa kila mwezi, pointi 1 kwa linalosubiri kufungwa. Jumlisha pointi za kila afisa kila Ijumaa kabla ya kugawa mashauri mapya. Mwenye majalada machache anaweza kuwa ndiye aliyeelemewa kuliko wote.

Kisha simamia. Saa moja kila wiki mbili, afisa mmoja na msimamizi wake, mlango umefungwa. Pitieni kila shauri la pointi 3: mtoto ameonwa lini kwa macho, nini kimebadilika, tunaamua nini, nani atafanya na kabla ya tarehe gani. Uamuzi uandikwe ndani ya jalada, msimamizi aweke sahihi. Hiyo sahihi ndiyo inayompunguzia afisa mzigo. Dakika kumi za mwisho ni zake mwenyewe: analala? Familia ya mtuhumiwa imemtisha? Kikao cha idara cha Jumatatu hakichukui nafasi ya saa hii, kwa sababu mbele ya kadamnasi watu wanaripoti walichofanya, hawasemi walipokwama. Na utaratibu huu hufa kwa njia moja: msimamizi akiahirisha mara mbili mfululizo, mara ya tatu hakuna atakayekuja.

Kwa ajira mpya, miezi mitatu ya kwanza asipewe shauri la ukatili wa kingono peke yake. Aende na mzoefu, aandike. Baadaye aongoze yeye, mzoefu akikaa kando. Kumpeleka kijana kata ya mbali wiki ya kwanza, bila usafiri wala wa kumuuliza, halafu kusema vijana wa siku hizi hawana wito, ni kumwonea.

Uhamisho wangu umekubaliwa, nina wiki mbili. Majalada nimwachie nani? (Afisa ustawi wa jamii)

Usimwachie karani, wala usiyafungie kabatini ukimsubiri mrithi wako afike. Mwandikie mkuu wa kitengo barua leo akupe jina la mtu. Kama hakuna afisa mwingine, anayapokea yeye mwenyewe kwa sahihi.

Kila jalada hai liwe na ukurasa mmoja juu: hatari iliyopo sasa, tarehe ijayo ya mahakama, mtoto anaishi na nani, namba ya mlezi, nani katika familia hapaswi kujua mtoto alipo, na ahadi ambazo hazijatekelezwa. Andika pia tarehe za kliniki. Mtoto aliyeanzishiwa dawa kinga ya VVU anatakiwa kuzimaliza siku 28 na kurudi kupimwa, na jambo hili ndilo linalopotea kwanza afisa anapobadilika. Kwa mashauri ya pointi 3, nenda na anayepokea mpaka nyumbani. Mwambie mtoto mwenyewe kwamba unaondoka, nani anakuja na lini. Mtoto aliyekwisha kusimulia mambo yake mara nne, kwa jirani, polisi, daktari na wewe, asilazimishwe kumsimulia mtu wa tano kwa sababu wewe hukuandika vizuri.

Mtoto wa dada yangu amebakwa. Tunaanza hospitali au polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu? (Mama mdogo)

Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi na bado linaletwa siku tatu baada ya tukio. Pole sana mama, lakini mpeleke hospitali sasa hivi. Matibabu ya haraka hayasubiri karatasi, na fomu inaweza kufuatiliwa mtoto akiwa tayari mikononi mwa daktari. Kama hospitali ya karibu ina kituo cha mkono kwa mkono, nenda huko, maana polisi, daktari na afisa ustawi wanapatikana sehemu moja. Dawa kinga ya VVU lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kwa msichana aliyevunja ungo, kinga ya dharura ya mimba ina mwisho wa saa 120. Asiogeshwe. Nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Nailoni hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Ukikwama popote piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Na yeyote atakayewaita kikao cha ukoo "kulimaliza kifamilia" mkataeni, hata akiwa babu. Hiyo ni jinai, na ukoo hauna mamlaka ya kuisamehe.

Naweza kutuma picha ya mtoto na maelezo ya shauri kwenye kundi la WhatsApp la kata ili tusaidiane haraka?

Hapana. Hata ukiandika herufi za kwanza za jina tu, kata nzima itamjua. Piga simu kwa mtu mmoja anayehusika.

Wahudumu wa kujitolea wapo wengi na gharama yao ni ndogo. Kwa nini tuajiri maafisa zaidi? (Diwani)

Mheshimiwa, mhudumu wa jamii anaona mapema, anasindikiza na kufuatilia, na anastahili shukrani na nauli yake. Lakini hawezi kuamua mtoto aondolewe nyumbani, wala kuandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii itakayosimama mahakamani. Wengi wao wako chini ya miradi ya wafadhili; mradi ukifungwa, wanaondoka na kumbukumbu zao.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, kifungu cha 94, imeweka wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto juu ya halmashauri. Haijauweka juu ya mfadhili. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha kwamba takriban wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kazi ya ukubwa huo haiwezi kubebwa na posho za robo mwaka. Bajeti ikija mezani, tafuta vitu vitatu kwenye mapato ya ndani: mafuta ya ufuatiliaji, nauli ya mtoto na shahidi kwenda mahakamani, na chumba cha faragha cha mahojiano. Kama havina mstari wake, havipo, hata taarifa isemeje.

Mtoto aliyetelekezwa apelekwe makao ya watoto moja kwa moja?

Kwanza ndugu, kisha familia ya kuaminika iliyokaguliwa. Makao ni hatua ya mwisho, na kila anayepelekwa huko awe na tarehe ya kupitiwa upya. Bila tarehe hiyo hukaa miaka.

Wakala ananiambia Uingereza wanatafuta maafisa ustawi. Niache kazi? (Afisa, miaka minne kazini)

Uliza kwanza: kazi ipi hasa? Cheo cha afisa ustawi kinalindwa kisheria kule. Nchini England huwezi kukitumia bila kusajiliwa na Social Work England. Wakala akisema usajili hauhitajiki, anakupeleka kuhudumia wazee, na njia ya viza ya kuajiri wahudumu wapya kutoka nje ilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Usimpe hela.

Viongozi wetu nao watazame huko kwa sababu nyingine. England ilichoshwa na maafisa wa muda wanaoletwa na mawakala, ghali na wa kupita. Tangu Oktoba 2024 mwongozo wa serikali unazitaka halmashauri zisimchukue afisa wa muda kwenye huduma za watoto kabla hajafanya kazi miaka 3 kama mwajiriwa wa moja kwa moja. Nchi tajiri imeona kwamba shauri linalopita mikono mingi haliponi. Sisi tunahamisha maafisa wetu wenyewe kila mwaka kana kwamba hakugharimu kitu.

Tunaripoti "watoto waliofikiwa" kila robo mwaka, lakini mkoa unasema hatuonyeshi ubora. Tupime nini?

Mkoa uko sahihi. Aliyefikiwa ni nani: aliyehudhuria bonanza, au aliyetolewa kwenye hatari? Pima siku ngapi zinapita toka taarifa kuletwa hadi mtoto kuonwa ana kwa ana, mara ngapi alizungumza na afisa bila mlezi kuwepo, maafisa wangapi wameshika jalada lake ndani ya mwaka, na mashauri mangapi yamefungwa kisha yakafunguliwa upya.

Halafu kila robo mwaka chomoa majalada 10 bila kuchagua, wakae watu wawili wasiohusika nayo wayasome kuanzia ukurasa wa kwanza. Wanapokuta "familia inaendelea vizuri" mara tatu mfululizo, na hakuna mstari hata mmoja unaosema mtoto alionekana vipi au alisema nini, jalada hilo lirudishwe kwenye pointi 3, na atembelewe wiki hiyo hiyo.