Kulal au Nyiru? Jibu langu kwa swali la wiki

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: ni kilele kipi cha kaskazini mwa Kenya kinachotokeza kuliko vyote? Kisha, kana kwamba jibu mlikuwa nalo tayari, mkaliwekea swali hilo picha ya Mlima Kenya. Naandika kwa sababu ya picha hiyo. Mlima Kenya ni wa katikati ya nchi, na mtu wa Marsabit anayetaka kuukaribia hana budi kusafiri kuelekea kusini kwa saa nyingi. Najua kwamba hapa Mombasa tumezoea kukihesabu kila kilicho nyuma ya Mariakani kuwa bara moja isiyo na pande, lakini jarida linapouliza swali la jiografia linapaswa kuwa makini kuliko sisi wa barazani. Kwangu mimi kaskazini inaanzia Isiolo, na milima nitakayoizungumzia ni ile ambayo msafiri huiona baada ya kuupita mji huo.

Jambo la pili ni kipimo. Wasomaji wengi watawajibu kwa kutaja mlima mrefu zaidi, na hilo silo mlilouliza. Wapimaji wa milima hutofautisha kimo, ambacho huhesabiwa kuanzia usawa wa bahari, na mtokezo, ambao ni kiasi anachopaswa kushuka mtu kutoka kileleni kabla ya kuanza kupanda kukiendea kilele kingine kilicho juu zaidi. Sisi wa pwani tunaweza kulifahamu jambo hili upesi tukiwazia bahari inayojaa bila kupwa: maji yapande, yaifunike Mombasa, Mungu apishe mbali, yapite Voi, yaendelee mpaka mlima unaoupima ubaki kisiwa kilichotengwa na kila ardhi iliyo juu kuliko kilele chake. Sehemu inayobaki juu ya maji wakati huo ndiyo mtokezo. Kwa hesabu hiyo Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, haupotezi karibu chochote na ni wa nne duniani, ilhali K2, wa pili duniani kwa kimo, hubaki na chini ya nusu ya mita zake 8,611. Mlima Kenya wenu wa kwenye picha hubaki na mita 3,825 kati ya 5,199, nao ungewashinda wote nitakaowataja kama ungekuwa mahali mlipouweka.

Kwa kipimo hicho jibu langu lilikuwa tayari kabla sijamaliza kulisoma swali. Ni Kulal, mlima wa volkano uliopasuka katikati kwa bonde refu la mawe, ulio mashariki ya Ziwa Turkana. Kimo chake ni mita 2,285 tu, lakini mtokezo wake ni mita 1,542, na mpaka ambao wapimaji hao wameuweka kwa milima ya daraja la juu duniani kote ni mita 1,500. Unasimama peke yake juu ya jangwa la mawe meusi, na ziwa lililo chini yake halifiki hata mita 400 juu ya bahari. Marsabit, ambao watu wengi wa Mombasa wanaujua kwa sababu ya barabara ya Moyale, una mita 1,707. Ololokwe, mwamba ule mkubwa unaouona upande wa kushoto ukishapita Archers Post, hupigwa picha kuliko yote, lakini uzuri wa picha si hoja hapa. Safu ya Mathews naitaja kwa sababu ya jina lake tu, maana Lloyd Mathews alikuwa jemadari wa jeshi la Sultani wa Zanzibar, na Count Teleki, mpelelezi wa Kihungaria, aliipa milima ile jina hilo alipopita huko mwaka 1888, ingawa wenyeji walikuwa na jina lao, Lenkiyio, tangu zamani. Wapagazi wa Teleki walitoka pwani na Unguja, na msafara wao uliongozwa na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani. Kwa hiyo milima ya kaskazini si migeni kwetu kama tunavyojifanya.

Unabaki Nyiru, mlima wa Wasamburu ulio kusini ya Kulal, na hapo ndipo ugomvi ulipo. Nyiru una kimo cha mita 2,752, yaani unaupita Kulal kwa zaidi ya mita 400. Lakini upande wa kusini umeungana na nyanda za juu za Samburu, na sehemu ya kimo hicho ni ya ardhi inayoubeba. Ugomvi huu niliusikia kwa masikio yangu, na nitausimulia ingawa najua mhariri atataka kuupunguza.

Nilikuwa karani wa kampuni moja ya uchukuzi wakati mitambo ya umeme wa upepo ilipokuwa ikishushwa Kilindini kupelekwa Sarima, kati ya Kulal na Nyiru. Mitambo yenyewe ilikuwa 365, na kila mmoja una mapanga matatu yenye urefu wa mita 25 hivi, kwa hiyo wakazi wa Changamwe na Miritini watakumbuka trela zile ndefu zilizokuwa zikipita polepole, na magari ya kusindikiza yakiwasha taa mbele na nyuma. Kazi yangu ilikuwa stakabadhi. Safari moja niliambiwa nifuatane na msafara mpaka mwisho, kwa sababu karatasi za mizigo miwili zilikuwa zimebadilishana, na msimamizi wa huko alikataa kupokea kitu chochote bila kumwona mtu wa kuulizwa.

Tuliacha barabara kuu Laisamis tukaelekea magharibi. Milima ya Ndoto ilikuwa kusini yetu kwa muda mrefu, ikituonyesha Poi, jabali lililo wima kama ukuta, na baadaye, jua likiwa limeinama, tukaiona miwili ile kwa mara moja: Nyiru upande wa kushoto, Kulal mbele upande wa kulia. Trela moja ikapata pancha tukiwa bado hatujafika, giza likaingia, na kiongozi wa msafara akaamua tulale hapo hapo.

Dereva wa lori la vipuri na chakula, mzee wa Changamwe aliyekuwa amezunguka nchi hii kabla sijazaliwa, alisema kwamba Kulal ndio mlima mkubwa kuliko yote aliyoiona kaskazini. Utingo wake, kijana wa Kaloleni mwenye ulimi mwepesi, akamwambia, "Mzee wangu, na heshima zako zote, macho yako yamechoka, Nyiru ndio mkubwa." Wakawekeana mbuzi, wa kununuliwa Isiolo wakati wa kurudi. Mimi nikafanywa mwamuzi kwa sababu nilikuwa na mkoba wa karatasi, na watu wa barabarani huamini kwamba mwenye karatasi anajua. Nilikuwa na simu isiyo na mtandao na orodha za mizigo. Nikasema hukumu ingoje asubuhi, tuitazame milima yote miwili kukiwa na mwanga.

Upepo ukaanza. Sisi hapa tunajua kusi na kaskazi, tunajua pepo zinazogeuka kwa misimu na zinazowapa mabaharia nafasi ya kwenda na kurudi, lakini ule haukufanana na chochote nilichowahi kukisikia. Ulikuwa ukitoka upande mmoja tu, kusini-mashariki, na kadiri usiku ulivyokwenda ndivyo ulivyoongezeka. Turubai la lori lilikatika kamba mbili likawa linapiga bodi, na watu wanne walilishika mpaka wakaliingiza chini ya magurudumu. Mpishi alijaribu kuchemsha chai nyuma ya tairi, kisha chini ya lori, kisha ndani ya pipa lililokatwa, na tulipoipata hatimaye ilikuwa na mchanga wa kutosha kujengea. Hakuna aliyeimwaga. Utingo alisema mchanga huo ni wa Nyiru na kwa hiyo ni hoja yake, mzee akamjibu kwamba upepo ndio unaouleta, na upepo ni wa Kulal.

Miongoni mwetu alikuwepo mlinzi wa njia, kijana wa Kisamburu, aliyekuwa amejifunika shuka kichwa kizima na ambaye tulidhani amelala. Aliwasikiliza mpaka walipochoka. Kisha akaeleza, bila haraka yoyote na kwa Kiswahili kizuri kuliko cha utingo, kwamba kwao swali hilo haliulizwi namna hiyo. Ukame unapokaza, ng'ombe hupandishwa Nyiru, ambako kuna chemchemi na nyasi na misitu ya mitarakwa, na ni huko juu ambako wazee hufanya ibada kumwomba Nkai. Mzee akasema hata Kulal una msitu, una watu, una ukungu unaoleta maji. Kijana akakubali. Akasema ana jamaa wanaoishi huko juu na wala hausemi vibaya mlima huo, ila mtu hauulizi mlima ukubwa, huuliza umemsaidia nani mwaka gani. Utingo akadai kwamba hiyo ni hukumu kwa upande wake na kwamba mbuzi ameshapatikana, mzee akakataa katakata, akisema shahidi si mwamuzi, na mabishano yakaendelea mpaka karibu na alfajiri, mengine yakipotea katika upepo kiasi kwamba walikuwa wakirudia maneno mara mbili tatu.

Asubuhi Kulal ulikuwa umefunikwa na wingu kuanzia kiunoni kwenda juu, na hatukuuona tena safari nzima. Mbuzi alinunuliwa Isiolo kwa fedha za wote wawili, na mpaka leo kila mmoja husema kwamba alilipa mwenzake.

Nimekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu mzee yule alikuwa akizungumzia mtokezo bila kujua kwamba kuna watu wanaoupima. Alichokiona ni mlima unaoinuka ghafla kutoka ardhi ya chini, na jicho halimdanganyi mtu katika jambo hilo. Kwa upande wa upepo pia alikuwa karibu na ukweli. Wataalamu Kinuthia na Asnani waliueleza upepo huo katika maandishi ya kisayansi mwaka 1982: hewa ya kusini-mashariki hubanwa katika njia ya ardhi ya chini iliyo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ikaongeza kasi, nayo huvuma hivyo mwaka mzima, ikiwa na nguvu zaidi usiku. Kulal na Nyiru huubana tena upepo huo pale Sarima, na ndiyo sababu mitambo ikawekwa mahali palipo mbali namna ile na kila barabara nzuri. Ilikamilika kusimikwa mwaka 2017, ikasubiri nyaya za kuuchukua umeme mpaka Suswa, na mwaka 2018 megawati zake 310 zikaanza kuingia katika gridi ya taifa, ambayo ndiyo inayotulisha na sisi. Kwa hiyo milima hiyo miwili imefika Mombasa kwa njia ambayo swali lenu halikuitazamia, na mimi nina haki ya kuipenda.

Hapa ndipo ninapoanza kulegeza kamba. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia kwamba tarakimu ziamue, Kulal upewe nafasi yake, na mambo ya moyo yaachwe nje. Tarakimu sizikani. Kulal unao pia sifa nyingine, maana tangu mwaka 1978 umo katika hifadhi za baiolojia zinazotambuliwa na UNESCO, na misitu yake ina ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho ambaye hapatikani mlima mwingine wowote. Lakini kila nikilisoma swali tena naona neno lenyewe, kutokeza, limebeba zaidi ya vipimo, na nikimkumbuka kijana yule wa Kisamburu nashindwa kuuweka Nyiru wa pili. Kama zawadi ni moja na lazima itolewe leo, naupa Nyiru.

Natoa hukumu hiyo kwa masharti. Sijapanda hata mmoja kati ya milima hiyo, niliiona kutoka chini na kwa muda mfupi, na mmoja wao niliuona jioni tu. Mtu wa Gatab, aliyezaliwa juu ya Kulal, ana haki ya kuicheka hukumu hii, na mtu wa Marsabit atauliza kwa nini mlima wake wenye msitu na maziwa ya kreta nimeupitia kwa sentensi moja, naye atakuwa na hoja. Aidha, iwapo mhariri ana nia ya kuchapisha orodha badala ya maoni, basi hukumu yangu iwekwe kando, Kulal uandikwe kwa mtokezo wake wa mita 1,542, kimo kiwe katika safu yake na mtokezo katika safu nyingine, na picha ya Mlima Kenya itafutiwe ukurasa mwingine.