Shingo ya pikipiki imechomelewa, muuzaji hataki kurudisha pesa

SWALI

Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa Ifakara, nina miaka 26. Mwezi wa tatu nilinunua Boxer ya mkononi pale Morogoro mjini kwa shilingi 1,850,000, pesa ya mpunga wa misimu miwili. Muuzaji alisema ni ya kuendea kazini tu, haijawahi kufanya boda wala kuanguka. Tuliandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, na kwenye mkataba ameandika kwa mkono wake, "pikipiki ni nzima, haina tatizo lolote". Kadi ya usajili bado ina jina lake. Tulikubaliana tubadilishe nikishapata TIN.

Wiki ya tatu ikaanza kuvuta kushoto. Nikifika spidi 60 usukani unatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Fundi wa hapa akatoa tenki, akakwangua rangi, tukakuta shingo ya chasisi imechomelewa pande zote mbili. Nimempigia muuzaji, anasema mali ikishatoka mkononi mwake si yake tena, na kwamba niliikagua mwenyewe. Rafiki zangu wananishauri nipulize rangi upya nikaiuze Mlimba, ambako hawanijui. Mke wangu ni mjamzito na ndiyo ninayompelekea kliniki. Nifanye nini?

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Kabla hatujagusa habari ya pesa, iegeshe hiyo pikipiki leo. Usiende nayo hata dukani. Na huyo mama umtafutie usafiri mwingine wa kliniki.

Nisikilize kwa nini. Shingo ndiyo bomba linaloshika usukani na shokapu za mbele. Kila shimo unalopita na kila breki unayoshika, mzigo wote unapanda kwenye shokapu na kuishia pale. Chuma kikishapigwa moto wa kuchomelea mtaani, mara nyingi penye kichomeo, yaani pale palipoungwa, panabaki pagumu, lakini pembeni yake chuma kimebadilika. Ufa huanzia hapo pembeni, mdogo kama unywele, na mtetemo wa injini unaufungua siku hadi siku. Miaka michache iliyopita waliniletea pikipiki kwenye kirikuu, gurudumu la mbele limelala upande wake kama kichwa cha kuku aliyechinjwa. Nikauliza imegonga nini. Haikugonga kitu. Kijana alishika breki kwenye mteremko, shingo ikaachia. Alivunjika taya na mkono, na hakuwa amepakia mtu.

Huo mtetemo wako wa spidi 60 ndio onyo lenyewe. Fundi akikwambia atakaza beringi za usukani utetemeko uishe, huenda ukapungua kweli, na hapo utakuwa hatarini zaidi kwa sababu onyo limenyamazishwa.

Sasa tuje kwa muuzaji. Kauli yake kwamba mali ikitoka mkononi si yake naisikia kila wiki, na inanikera, kwa sababu vijana wengi wakiambiwa hivyo hukata tamaa wakarudi nyumbani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 17, inahesabu kuwa ni ulaghai mtu anapoficha kwa makusudi jambo analolijua, ili mwenzake akubali mkataba. Kifungu cha 19 kinampa aliyelaghaiwa nafasi ya kuuvunja mkataba huo. Wewe hukunyamaziwa tu. Uliambiwa haijawahi kuanguka, ukaandikiwa haina tatizo, na penye jeraha pakapulizwa rangi.

Ila lazima uwe tayari kwa jibu lake, maana atasema, "Na mimi niliinunua hivyo hivyo." Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni ushahidi, na ushahidi uko pale pale shingoni kama fundi wako hajaendelea kukwangua. Mwambie aache. Piga picha mchana, jua likiwa upande. Kichomeo cha kiwandani kina mawimbi madogo yaliyolingana kama magamba ya samaki; cha mtaani kina mabonge kama nta ya mshumaa iliyodondoka. Halafu tazama nyaya zinazopita shingoni. Kiwandani chasisi hupakwa rangi kwanza, nyaya hufungwa baadaye, kwa hiyo nyaya haziwezi kuwa na rangi ya chasisi. Ukikuta vitone vya rangi kwenye nyaya au juu ya vichwa vya bolti, kuna mtu alipuliza rangi pikipiki ikiwa imeshafungwa. Chukua sumaku ya spika mbovu ya redio, ipitishe taratibu: ikiteleza mahali, chini ya rangi pana fila, ile lipu ya kuzibia mabonyeo. Angalia pia kile kizuizi kinachozuia usukani usizunguke kupita kiasi. Kikiwa kimebonyea au kimekatika, hiyo pikipiki iliwahi kupigwa mbele kwa nguvu.

Na namba. Kwenye Boxer namba ya chasisi imegongwa kwenye bomba hilo hilo la shingo. Isome herufi moja moja, ulinganishe na kadi. Kama moto au msasa umeila, au haifanani na kadi, hilo si suala la ubovu tena. Peleka taarifa polisi mapema, ukiwa na mkataba wako mkononi, usije ukakamatwa wewe kwa pikipiki ya mtu mwingine.

Mwombe fundi aliyekwangua akuandikie karatasi: tarehe, alichokuta, sahihi yake. Tunza ujumbe wote wa simu na muamala wa malipo. Kisha mwandikie muuzaji barua, nakala kwa mwenyekiti yule yule, kwamba unauvunja mkataba na unataka pesa yako yote ndani ya siku 7. Akikataa, nenda Mahakama ya Mwanzo ufungue madai. Kule kesi inasikilizwa kwa Kiswahili na unaweza kujieleza mwenyewe. Hapa ndipo kuiegesha kunakusaidia mara ya pili: ukiendelea kuiendesha baada ya kuujua ubovu, atasema umeshaipokea ilivyo.

Anaweza kukupoza kwa kukurudishia laki tatu au nne ubaki nayo. Mimi nisingekubali, labda kama arudishe kiasi ambacho kinachobaki ni thamani ya injini, magurudumu na spea nyingine, na chasisi isirudi barabarani kamwe. Hata hivyo kadi itabidi irudishwe TRA pikipiki ifutwe kwenye usajili.

Kuhusu Mlimba, hapana, mwanangu. Huko nako kuna kijana ameuza mpunga wake kama wewe, na ana mtu wake wa kumpakia nyuma. Wewe sasa unajua kilicho chini ya rangi. Ukipuliza na kuuza, kifungu kile kile cha 17 kinakuhusu wewe, na ikikatika na mtu juu yake utakuwa umejua.

La mwisho ni hizo karatasi. Usikamilishe kubadilisha jina kwa sasa. Kama kadi halisi unayo, atakuomba umrudishie "aende kushughulikia". Mpe nakala. Kadi na ufunguo vitoke kwako siku ambayo pesa umeihesabu mbele ya mwenyekiti, na mmeandikishana kwamba umemrudishia pikipiki ikiwa na shingo iliyochomelewa. Sentensi hiyo ya shingo isikosekane, ili mnunuzi atakayekuja baada yako awe na pa kuisoma.