Shemeji anataka kumchukua mwanangu aliyeacha shule. Nimpe?

*Shikamoo shangazi. Nipo Morogoro, nina watoto watatu. Baba yao tuliachana, akaoa Dodoma, na hela anatuma akijisikia. Mwaka huu mwanangu wa kwanza, miaka 16, ameacha shule akiwa kidato cha pili. Anaosha pikipiki karibu na stendi ya Msamvu. Upande wa baba yake wanasema mtoto aliyelelewa na mwanamke ndivyo anavyokuwa. Baba yake mkubwa, mwenye duka la jumla Kahama, anataka nimpe akamnyooshe. Mimi natoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda kuuza chai na vitumbua. Dada yake wa darasa la sita ndiye anayemwandaa mdogo wao. Nashukuru kijana si mlevi, na jioni harudi mikono mitupu, huniletea elfu nne, elfu tano. Nimpe shemeji? – Mama Watatu*

Marahaba mwanangu. Umeniuliza habari za Kahama, lakini macho yangu yamekwama kwenye ile elfu tano ya jioni. Umeiandika kama faraja. Hebu niambie, inakwenda wapi? Kama ndiyo inayonunua unga na mafuta ya kesho yake, basi kijana wako hajapotea. Ameajiriwa, na mwajiri wake ni nyumba yako. Nafasi ya baba yake ameishika yeye, wala hakuna aliyemwambia aishike. Mtoto wa kwanza wa kiume mara nyingi haambiwi. Anakuona usiku unahesabu sarafu za chai, unatenga za mwenye nyumba, unazirudia tena, na asubuhi anakwenda kijiweni.

Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu usipoliona hili utampeleka kijana Kahama na pengo litabaki palepale Morogoro. Atakayelijaza umemtaja mwenyewe. Binti wa darasa la sita anayemwogesha mdogo wake, akampa uji, akamfikisha anakokaa, ndipo aanze safari ya shule, anafika saa ngapi? Watoto wengi hawaachi shule kwa siku moja. Wanaanza kwa kuchelewa, wanakuja kukosa siku mojamoja, kazi za darasani zinawapita, mwisho wanaona aibu kurudi. Kamuulize mwalimu wake wa darasa wiki hii, usisubiri ripoti.

Sasa hayo maneno ya wakwe. Mwaka 1996 watafiti wawili, Cynthia Lloyd na Ann Blanc, walichapisha uchunguzi wao wa nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwamo. Waliona kwamba watoto wa kaya zinazoongozwa na wanawake walikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kusoma kuliko wa kaya zinazoongozwa na wanaume, ukizilinganisha zenye hali inayofanana. Mwanamke akishika shilingi, daftari linanunuliwa. Shida ni hiyo shilingi kuwa haba, na mwenye kuipunguza ni yule aliyeondoka, halafu ndugu zake wanakuja kukunyooshea kidole wewe! Kuachana kwenu kuna gharama, sikatai. Kipato kimoja kimetoka, na asubuhi nyumba haina mtu mzima. Hayo ndiyo ya kutafutiwa dawa, na hakuna hata moja linaloponywa na "mkono wa mwanaume" wa Kahama.

Tena kuna jambo la kukufikirisha. Mwaka 2004 Anne Case na wenzake waliangalia mayatima katika nchi kumi za Afrika. Kadiri undugu wa mtoto na mkuu wa kaya ulivyokuwa wa mbali, ndivyo alivyokuwa na nafasi ndogo ya kuwa shuleni, hata pale watoto wa nyumba hiyohiyo walipokuwa wanasoma. Mwanao si yatima, na baba mkubwa ni baba. Lakini duka la jumla lina magunia ya kushusha, na kijana wa miaka 16 ana mabega. Shemeji amekutajia jina la shule atakayompeleka? Kwenye barua yako sijaliona.

Baba yao usimwache akijificha Dodoma. Sheria ya Ndoa ya 1971 inambana kuwatunza watoto wake hata kama wanaishi na mtu mwingine, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inazungumzia matunzo hayo hayo, elimu ikiwamo. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, ubebe vyeti vya kuzaliwa vya watoto na ujumbe wa simu unaoonyesha alichotuma na lini. Watamwita wazungumze naye. Akikaidi, mahakama inaweza kutoa amri ya matunzo. Najua utaniambia hutaki ugomvi. Hela hiyo si yako, ni ya watoto.

Kwa kijana, zungumza naye kabla ya kwenda shuleni. Mshukuru kwa alichokuwa analeta, halafu mwambie wazi kwamba kuanzia sasa hutaipokea. Itauma, maana mtapunguza vitu mezani. Jumamosi akitaka kuosha pikipiki aoshe, iwe ya viatu na madaftari yake. Ada haidaiwi shule za serikali hadi kidato cha nne tangu 2016, lakini wewe na mimi tunajua sare, nauli na chakula cha mchana vinavyokula. Waraka wa serikali wa Novemba 2021 uliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali warudi, si wasichana waliopata mimba peke yao. Nendeni wote wawili kwa mkuu wa shule. Akiambiwa arudie kidato cha pili, arudie.

Yule mdogo, patana na jirani mwanamke amchukue kila asubuhi. Umlipe vitumbua na kidogo cha mkononi, binti atoke na begi lake tu.

Na shemeji akipiga simu tena, mjibu kwa adabu. Mwambie unashukuru, kisha umuulize kama ile gharama ya kumlisha na kumvisha kijana Kahama anaweza kuituma Morogoro kila mwezi. Jibu lake litakuonyesha kama alikuwa anatafuta mtoto wa kusomesha au kijana wa dukani.