Jibu: Shemeji ana SPM ya A tupu, vyuo vya Uingereza vyote vimemkataa

Salaam mkuu. Unauliza kwa nini shemeji yako wa Kuala Lumpur amekataliwa na vyuo vyote vitano wakati SPM yake ni A tupu. Shida si alama, ni ngazi. SPM ni mtihani wa taifa wa Malaysia wa kumaliza sekondari, kidato cha tano cha kwao, na Waingereza wanauhesabu sawa na O-level. Kuingia shahada ya kwanza wanataka STPM (mtihani wa Malaysia wa ngazi ya A-level), A-level yenyewe au mwaka wa maandalizi. Amalize kimojawapo kwanza, ndipo ajaze tena UCAS, mfumo wa maombi ya vyuo vya Uingereza.

Akitaka udaktari, Oxford au Cambridge, dirisha linafungwa katikati ya Oktoba, si Januari kama kozi nyingi. Hapo wengi huachwa na basi.

Ufadhili: aanze na JPA, idara ya utumishi wa umma ya Malaysia. MARA, shirika la serikali ya huko, ni ya Bumiputera (Wamalai na wenyeji wa asili), kwa hiyo asome sharti hilo kabla ya kuhangaika na fomu. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, aisahau kwa sasa. Ni ya uzamili na inadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi.

Kwenye viza, pesa ya ada na ya kujikimu ikae benki siku 28 mfululizo. Ikipungua hata siku moja, hesabu inaanza upya. Cheti cha kifua kikuu kinadumu miezi 6, asikimbilie kupima mapema.

Bajeti ikibana, Chuo Kikuu cha Nottingham cha Uingereza kina kampasi Semenyih, hapo hapo jirani na Kuala Lumpur, na shahada ni ile ile. Mimi ningeanzia huko.