Umemaliza True Blood? Vitabu visome, na anzia cha kwanza

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kusoma vitabu vya Charlaine Harris vilivyozaa True Blood, ile tamthilia ya vampaya, wakati umeshaimaliza sizoni zote saba na wauaji unawajua. Haja ipo. Mimi nilianza na vitabu, tamthilia nikaja kuiangalia baadaye, kwa hiyo naongea kutoka upande wa pili. Nitamwaga mtama kidogo. Ambaye hajaangalia aruke.

Kwanza, usivichukulie kama vitabu vya vampaya. Ni vya upelelezi, ila mpelelezi ni Sookie, mhudumu wa baa huko Louisiana, Marekani, anayesikia mawazo ya watu. Kwenye tamthilia kamera inazurura Bon Temps nzima, kamji anakoishi Sookie, mara kwa kaka yake Jason, mara kwa rafiki yake Tara, mara kwa Eric, bosi wa vampaya wa eneo hilo. Vitabuni anayesimulia ni Sookie peke yake, na asichokiona yeye na wewe hukioni. Utamu uko hapo. Utajiuliza, mtu anayesikia mawazo ya wateja anakaaje baa moja na muuaji asimjue? Harris kalipanga hilo vizuri: mawazo yanamjia vipande vipande, mengine picha tu, mengine hasira isiyo na maneno, na muda mwingi anajizuia asisikie kwa sababu zile kelele zinamchosha. Ndiyo maana anamganda Bill, mpenzi wake vampaya. Kichwa cha vampaya kiko kimya. Ukisoma Dead Until Dark, kitabu cha kwanza cha mwaka 2001, utaelewa kwamba kabla ya mapenzi yule dada alikuwa anatafuta mahali pa kupumzika.

Halafu hayo ya "wauaji nawajua" yatakusaidia kitabu cha kwanza tu. Cha pili kinaanza na mwili wa Lafayette, mpishi wa baa, ndani ya gari la mpelelezi Andy Bellefleur, hapo hapo kwenye maegesho ya baa. Lafayette huyo huyo! Mimi nilipowasha tamthilia nikawa namsubiri afe, hafi, sizoni zinakatika, hafi. Na nawashukuru walioamua hivyo, maana Nelsan Ellis alimcheza mpaka wengine wakaonekana wamesindikiza. Jessica, yule binti aliyegeuzwa vampaya na Bill, vitabuni hayupo kabisa. Tara ni Mzungu mwenye duka la nguo. Yule Maryann aliyekula sizoni ya pili yote, vitabuni anaitwa Callisto na anapita kidogo tu.

Tamthilia nayo imekunyima Bubba. Huyu ni mwimbaji maarufu wa Memphis (unamjua, yule mfalme wa rock 'n' roll) aliyegeuzwa vampaya mochwari na mhudumu aliyekuwa shabiki wake, akili ikabaki nusu. Anapenda damu ya paka, na ni marufuku kumwita kwa jina lake halisi. Kila anapotokea nacheka.

Kitu kingine kilichopotea kwenye runinga ni hesabu za pesa. Sookie wa vitabuni anawaza bili, kodi ya serikali ya nyumba ya bibi yake, zamu za kazi. Njia ya gari ya kuingia kwake imejaa mashimo, na Eric, pamoja na ukubwa wake wote, zawadi anayompa ni kumwagiwa kokoto mpya. Kwangu hilo linashinda maua yote ya kwenye muvi.

Sasa kasoro. Vitabu viko 13, cha mwisho kilitoka 2013, na kuanzia kama cha tisa hivi mambo ya ukoo wa Sookie wa upande wa "fairies", yaani majini ya kizungu, yanazidi, upelelezi unasinyaa. Mimi nilivivuta kwa ubishi. Kilele ni cha nne, Dead to the World, Eric anapopoteza kumbukumbu kwa uchawi. Ukifika hapo hujanaswa, acha tu, hutanaswa tena.

Usirukeruke. Deni au jeraha la kitabu kimoja linadaiwa kitabu kinachofuata. Kiingereza chake ni chepesi, ni mhudumu anaongea, huhitaji kamusi pembeni.

Ukiona 13 ni mzigo, Harris huyo huyo ana vitabu vitatu vya Midnight, Texas, navyo runinga ya NBC walivitengenezea tamthilia ya sizoni mbili, 2017 na 2018. Ila huko hadithi inagawanywa kwa wakazi kadhaa wa kijiji, na mimi sauti ya Sookie niliikosa tangu sura ya kwanza.