Mama kumficha mtoto wake kwamba amefunga Ramadhani, inawezekana?

SWALI: Salaam mhariri. Mi ni mama wa watoto wanne, nipo Tanga. Kaka yangu kaniambia eti Albania, kule Ulaya, enzi za mtawala wa kikomunisti Enver Hoxha watu walikuwa wanafunga kwa kujificha, tena wanawaficha mpaka watoto wao wa kuwazaa. Nikacheka, maana wangu hata nikiweka biskuti juu ya kabati wanaziona. Ni kweli au ananipiga kamba?

JIBU: Dada, kaka yako hajakudanganya. Mwaka 1967 dini ilipigwa marufuku, misikiti na makanisa yakafungwa, mengine yakavunjwa, kanisa kuu la mji wa Shkodër likageuzwa ukumbi wa michezo, halafu katiba ya 1976 ikaandika kabisa kwamba dola haitambui dini yoyote. Na ile ni nchi ambayo Waislamu ndo wengi, Wakristo nao wapo. Sasa imani itakufa kwa tangazo? Ilihamia jikoni tu.

Shida ikawa mtoto. Sio kwamba mama hampendi, ila mtoto mdomo hana breki we mwenyewe unajua. Ikifika Ramadhani au Kwaresima walikuwa wanagawa nyama na maziwa makusudi, mashuleni na viwandani, anayekataa anaripotiwa. Haya, we una wa miaka saba umemfundisha kufunga, anapewa kikombe cha maziwa mbele ya wenzake, afanyeje? Bora asijue. Bibi anakula daku gizani, mchana anasema tumbo linamsumbua, basi.

Na ukikamatwa hauzami peke yako. Kulikuwa na kitu wanaita biografia, yaani rekodi ya ukoo mzima, na polisi wa siri, Sigurimi, wanaifuatilia. Mjomba akitoroka nchi, familia inaweza kupelekwa kijijini kulima kwa miaka, watoto chuo wasahau, hata posa zinakwama maana nani aoe kwenye ukoo wenye doa? Mimi ningeficha daku na sahani zake.

Ila hao hao usiku walikuwa wanatafuta televisheni ya Italia kwa kidude kilichotengenezwa na kopo, kanoçe wanakiita, nayo ilikuwa marufuku. Nadhani hiyo siri watoto waliitunza wenyewe bila kuambiwa!

Hoxha alikufa 1985 lakini marufuku ikaendelea. Novemba 1990 ndo watu wa Shkodër wakasali tena hadharani, kwenye Msikiti wa Risasi (risasi ya kuezekea kuba, sio ya bunduki), akaongoza Hafiz Sabri Koçi ambaye alikaa jela kama miaka 20. Piga hesabu mwenyewe, kijana aliyezaliwa mwaka wa marufuku siku hiyo ana miaka 23, amesimama kwenye safu anamchungulia baba yake aone mikono inawekwa wapi.